Mbegu ya Kando

Juu ya kilima cha pimbi, nje kidogo ya Nakuru,
pana jiwe lenye vishimo, safu kwa safu.
Wasemao ni bao wana haki yao ya kusema.
Mimi nimekaa hapo Jumapili tatu
nikitia kidole kishimo kimoja kimoja,
na kando ya safu, jiwe linapoinamia ziwa,
nikakuta kingine, kidogo, kimekaa kombo,
hakimo mchezoni.
Haya nimeyatunga kwa ajili yake.

Tabutany, nimekupa jina kwa kuwa hukuacha.
Mumeo Kimosop aliondoka na madume matatu
kwenda kuyabadili kwa chuma ng'ambo ya Mau.
Alisimama mlangoni mwa zizi la shimo, fimbo begani,
akasema kama mtu aagaye kwenda mtoni:
"Mwezi ukifa mara ya nne, nitazame njiani."
Hukumuuliza kufa kupi.
Nani aliyejua kuna kufa kwa namna mbili?

Wa kwanza ukakonda, ukafa. Ukatia mbegu.
Wa pili ukafia mawinguni. Mbegu.
Wa tatu ulikufa usiku aliozaliwa ndama mwenye baka. Mbegu.
Wa nne ndio huu, mpevu, juu ya Menengai,
umejaa hata unamwagika.

Ulikuwa ukikamua usiku, maana yule mwenye kiwele kigumu
alikunyima jioni.
Katika bakuli la mti, juu ya povu, mwezi ulielea.
Ukaona weusi ukingoni mwake.
Ukadhani ni nzi.
Ukapeleka kidole umwopoe;
maziwa yakatikisika, yakatulia,
na nzi amekua.

Ndipo ukainua uso.

Lugha yangu husema: mwezi umepatwa.
Umepatwa na nani, haisemi.
Inakuacha na kitenzi mkononi
kama mlango uliong'oka bawaba.

Heroe ziwani, wapigao soga usiku kucha,
wakanyamaza wote pamoja,
na kimya chao kikaamsha watu kuliko kelele.
Wakapanda kutoka mashimoni, wakapiga ngozi, wakapiga majembe.
Mama mkwe wako aliukemea mwezi kama mbuzi aliyeingia shambani:
"Toka huko! Toka, usiye na haya!"
Mzee mmoja akahesabu ng'ombe wake mara tatu,
akapata idadi tatu.

Ukawa mwekundu. Damu, wakasema.
Wewe uliyezaa na kuzika uliijua damu.
Hii ilikuwa rangi ya chuma kilichonyeshewa.
Ukawaza: chuma.
Ukawaza: basi umekufa, na hii ni mara ya nne.

Ukaondoa miiba langoni, ukatoka.
Wakakuita, fisi! fisi!
Ukasimama njiani ielekeayo Mau,
maziwa yakikukaukia vidoleni,
kwa muda wa kukamua ng'ombe kumi bila haraka.
Fisi kweli alipita. Akakutazama,
ukamtazama, kila mmoja akaona aibu
kukutwa pale.
Kisha ukucha mweupe ukachomoza ubavuni mwa mwezi,
na njia ikaonekana yote, hadi kona,
tupu.

Asubuhi ulikaa na mbegu kiganjani.
Ukiitia kishimo cha nne, mumeo kashavunja ahadi.
Usipoitia, umeyakana macho yako.
Ukaokota jiwe gumu, ukagonga kando ya safu,
siku nzima, vumbi likikuingia kopeni,
ukautengenezea mahali pake
ule mwezi uliokufa ukarudi.

Kama alikuja ulipoandama mwingine, sijui.
Nimejaribu mara mbili kumleta, jasho na chuma mgongoni,
na mara mbili nimefuta.

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa imevijaza vishimo vyote.
Mlinzi akapiga filimbi: tunafunga, mama, shuka.
Nilikuwa nikila chungwa.
Nikatoa mbegu mdomoni, nikaitia
kwenye kile cha kando.
Moja.